Shemeji Akae Ukingoni

Jumatano, 3 Juni
Mkono wangu haujatikisika tangu nizaliwe. Haya, chai imemwagika nikiandika hili. Lakini kidogo! Kitinda mimba wangu anaolewa Jumamosi; mpiga video ni mimi. Yeye kazi yake ni kuhariri video, ataitengeneza mwenyewe. Kaniusia nisiwabane watu, niache nafasi pande zote, maana kompyuta ikituliza mtikisiko hukata kingo. Cha ukingoni kinakwenda na maji. Nikauliza: hata mtu? Akasema hata mtu, baba. Nimecheka peke yangu hadi chakula cha jioni.

Alhamisi, 4 Juni
Shemeji, kaka wa mke wangu. Hakuna picha ya ukoo asiyoitia kitambi chake. Harusini kwetu alisimama kati yangu na mke wangu, na ndiyo picha iliyotundikwa sebuleni. Namtazama nikila! Sasa dawa yake iko jikoni. Mke wangu kauliza mbona natabasamu. Nimejibu: furaha ya mzazi.

Jumamosi, 6 Juni
Nimemweza! Pete ikivishwa, Shemeji yuko ukingoni kabisa. Tatizo kamganda bibi harusi kama ruba. Nilipomsukuma ukingoni na binti yangu akasogea naye. Katikati ikabaki feni. Si neno. Mwamba ngozi huvutia kwake. Shemeji naye kutwa kainua simu, eti ananisaidia. Nani kamwomba?

Jumatatu, 8 Juni
Kompyuta imekata. Shemeji hayumo! Bibi harusi naye hayumo. Bwana harusi anavisha pete mkono usio na mwenyewe, feni ikishuhudia. Binti kalia. Ndipo Shemeji akaleta simu yake. Pete, vidole, watu wote, na nafasi tele pande zote. Binti kamwambia: mjomba, una jicho! Jicho! Mimi nilikuwemo pembeni na kamera yangu. Picha ikapunguzwa, nikabaki kiwiko. Ikapunguzwa tena.

Jumanne, 9 Juni
Nimejifunza. Kosa lilikuwa kumweka Shemeji kushoto. Kijana wake anaoa mwezi ujao, nitamweka kulia.

Nawe mwanangu, ukiliokota daftari hili: asubuhi ya harusi, nani alikalia sanduku lako la nguo mpaka likafungika, kama si mimi? Basi. Sidai uso. Nirudishie kiwiko.