Barua ya Kuombea Msamaha wa Somo

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Msajili wa chuo kapekua faili langu, kasema sihitimu. Nimebakiza somo moja la lazima kwa wanafunzi wote: Stadi za Uandishi. Mimi! Karani mwenye miaka ishirini na miwili kazini! Binti yangu anahitimu Julai, na ukoo mzima nimeshautangazia kwamba baba na mwana watavaa joho siku moja. Mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa. Mke wangu kauliza kwa nini nisijiandikishe tu, yaishe. Hajui mambo makubwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata upenyo. Mwenye uzoefu kazini anaweza kusamehewa somo, mradi aombe kwa barua. Barua! Wamejileta wenyewe. Nimeshusha kurasa sita. Ya kwanza yote ni salamu. Ya tatu ni utoto wangu. Binti kaisoma, kauliza, "Sasa baba, ombi lenyewe liko wapi?" Nikamwambia avute subira, liko ukurasa wa tano.

Jumatano, 5 Machi

Nimemkabidhi mhadhiri wa somo hilo, mama mpole, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Kaisoma mbele yangu, machozi yakimlengalenga. Nimemgusa! Nikapitiliza kwa fundi cherehani kupimwa joho. Kasema tumbo litadai kitambaa cha ziada. Hana adabu.

Alhamisi, 6 Machi

Barua imerudi. Imesahihishwa! Wino mwekundu kila mahali, utadhani kuku kachinjiwa juu yake. Thelathini na moja kwa mia. Pembeni ya kila ukurasa: "Unataka nini?" Msamaha, hakuna. Ila mhadhiri kaomba ruhusa aitumie darasani kama mfano. Mfano! Nikamtambia binti. Kauliza mfano wa nini. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Machi

Saa kumi kasoro dakika tano, binti kanikokota hadi dirishani kwa msajili kama mtoto wa chekechea. Fomu ina mstari mmoja wa sababu. Kaninyang'anya kalamu, kaandika: "Nataka kuhitimu." Nimekubaliwa papo hapo. Maneno mawili! Kizazi hiki hakijui kujieleza.

Jumatatu, 10 Machi

Somo la kwanza. Barua yangu imesomwa, darasa zima hoi kwa kicheko. Waliguswa. Zoezi: barua ya nusu ukurasa, yenye ombi moja. Nusu ukurasa hata salamu hazitoshi! Nimemwandikia mhadhiri kumwomba aniongezee nafasi.

Kurasa nane. Utoto nimeufupisha.