Taa ya Nyuma ya Gari la Mjomba Silvano

Jumatatu, 4 Agosti

Ushindi! Mjomba Silvano ameniazima gari. Mtaa mzima wa Mkomaindo, hapa Masasi, umeshangaa, nami nimeshangaa pamoja nao. Muuguzi huyu mstaafu hajapata kumkabidhi mtu usukani wake. Viti vingali na nailoni ya dukani. Kila asubuhi huligonga gari kwa vidole, sikio karibu, kama anayepima kifua cha mgonjwa.

Masharti ni mawili. Niende Newala kupeleka kadi za harusi, itakayofungwa hukohuko, kisha nilirudishe gari kama lilivyo. Nikifaulu, Jumamosi mimi ndiye nitakayemwendesha bibi harusi, mdogo wangu Helena, Mjomba akiwa kando yangu. Nikishindwa, usukani ni wa Sabina.

Sabina ni binti wa mama mdogo. Ana leseni ya miaka tisa na hana shahada. Hili la pili nalitaja kwa ajili ya ukamilifu tu.

Kuna tatizo moja. Vitenge vya wanawake wa ukoo ameviagiza Sabina kutoka Dar es Salaam, rangi ya uji wa ulezi, na mama wakubwa wamevisifu! Nimetafakari mchana kutwa. Ng'ambo ya Ruvuma, ukishavuka daraja la Mtambaswala, Wamsumbiji huuza kapulana, vitenge vya kwao, ambazo macho ya Newala hayajapata kuziona. Ni kweli Mjomba alitaja Newala. Lakini je, kwa undani zaidi, hakukusudia harusi ifane? Kadi nimempa kondakta wa basi la Newala. Huenda hitimisho langu lina kasoro. Sijaiona bado.

Jumanne, 5 Agosti

Nimevuka! Nimekwenda nchi ya watu na kurudi kabla jua halijazama!

Mpakani walitaka barua ya ruhusa ya mwenye gari. Nilikuwa nayo. Niliitunga mwenyewe jana, aya tatu, lugha safi. Sahihi ya Mjomba ina mikia minne. Ilinigharimu karatasi kumi na moja. Sidhani kwamba huku ni kughushi. Kwetu Wamakua mjomba hurithiwa na wapwa. Nimetumia tu mali yangu mapema kidogo.

Na hizo kapulana! Kijani na chungwa, zinang'aa kama maembe baada ya mvua. Nilinunua doti ishirini, nikazirundika nyuma hadi darini. Hapo ndipo kosa la kimbinu lilipoingia: rundo liliziba kioo cha nyuma. Nilirudi kinyumenyume kwa imani.

Kraaa!

Si mtu, namshukuru Mungu. Ni uchanja wa kuanikia makopa. Miti chini, mihogo mikavu imetapakaa njiani, na mbuzi wawili walianza kula kabla sijazima injini. Taa ya nyuma ya kulia vipandevipande. Bampa limebonyea kiasi cha kukaa sufuria ya kilo moja.

Watu walifika kama walioitwa kwa kengele. Mwenye uchanja, Mama Dominika, Mmakonde wa makamo, mikono kiunoni, aliniuliza kama Tanzania tumemaliza barabara zetu zote hata tumeamua kupita juu ya chakula cha wenzetu. Akaja askari, akasema Kireno. Nilimjibu kwa Kifaransa cha mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, nikiamini kwamba lugha hizo ni ndugu. Huenda ni ndugu waliogombania shamba. Akatoa daftari. Daftari maana yake ni taarifa, na taarifa maana yake ni kupigiwa simu mwenye gari.

Hapo akili ikawaka! Kwa Kimakonde changu kibovu nilipaza sauti, nikamwambia yule mama apunguze kelele. Kwamba Wamakonde tangu lini wakajua kujenga uchanja. Kwamba mtani wake Mmakua ameuangusha kwa huruma, ili ajifunze kuujenga vizuri.

Mama Dominika akashusha mikono kutoka kiunoni. Kisha akacheka hadi akaegemea mti pekee uliobaki umesimama. Akamwambia askari arudishe daftari mfukoni, kwani mambo ya watani hayaandikwi. Akaniita mchawi wa Masasi, mla panya, dereva wa matope. Nami nikamwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa kuwa nafundisha mbinu za utafiti katika chuo cha ualimu. Umati ulifurahi. Hakuna kesi! Hakuna fidia! Hakuna kinyongo! Tazama jinsi elimu ya mila inavyomfaa msomi.

Alichukua vipande vya taa, akavifunga kwenye pindo la kapulana yake. Nikauliza vya nini. Akasema ni ukumbusho wa mtani. Kisha akaona kadi moja ya harusi iliyosalia kitini, akataka kujua tangu lini harusi ya Wamakua ikafungwa bila mtani wao. Nilimpa. Adabu haina hasara. Kati yake na Newala kuna mto, mpaka na mchana mzima wa safari. Hawezi kuja.

Jumatano, 6 Agosti

Fundi Alfani amepata taa. Ni ya gari la aina nyingine. Ukisimama mbali inaonekana vizuri. Ukikaribia, gari lina kengeza.

Bampa aliligonga kwa ndani hadi likajitokeza kupita kiasi, kisha akalipaka rangi nyeupe. Nilimwonyesha kwamba gari ni jeupe na kiraka ni cheupe, lakini havipatani. Akasema, mwalimu, weupe una madhehebu mengi.

Kapulana nimezigawa. Vigelegele! Hata hivyo mama wakubwa wameamua kuvaa vitenge vya Sabina mwilini na kapulana zangu begani. Sabina aliniuliza Newala siku hizi wanauza kapulana duka gani. Nikamjibu kwamba biashara imepanuka. Alinitazama kwa muda ambao sikuuona wa lazima.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya hatari, na siku ya fahari!

Mjomba alitangaza kwamba jioni anakuja kulikagua gari. Nililiegesha nyuma kwenye ukuta, karibu kabisa, hata mjusi asingepenya. Lakini je, akiamuru lisogezwe? Mtafiti huandaa njia ya pili. Huu ni mwezi wa kupuliza mikorosho. Salfa, ile dawa ya unga, imejaa kila nyumba. Nilichukua kopo moja, nikainyunyiza nyuma ya gari yote, taa, bampa na kiraka, hadi vikawa rangi moja ya manjano. Kama ni kuficha, mtu anaweza kusema hivyo. Mimi nasema nililipatanisha gari na majira.

Mjomba alifika, nikamwamkia, akaitika marahaba bila kunitazama, macho kwenye gari. Aliugonga mlango, akasikiliza. Akauliza mbona limekaa kama kuku aliyelalia mayai. Nikasema ni kwa usalama. Akachungulia nyuma, akapiga chafya tatu. Nikaeleza kwamba nilipita shamba la watu wakati wanapuliza. Akaniambia, Mama Flora, salfa inakula rangi, leta maji mara moja.

Na nani akatokea wakati huohuo? Sabina! Ndoo mkononi, kitambaa begani, tabasamu hadi masikioni. Alisema amekuja kumsaidia dada yake. Tulishikana ndoo, yeye akivuta kwa upendo na mimi nikivuta kwa upendo zaidi, hadi maji yote yakamwagikia miguu ya Mjomba. Nilipiga magoti, nikaapa kwamba kuliosha gari ni zawadi yangu kwa bibi harusi na simwachii mtu. Mjomba aliguswa. Viatu vimelowa, lakini aliguswa. Akasema kumbe nimekua, akaenda zake kubadili viatu.

Nilijisikia vibaya kwa dakika kadhaa. Kisha nikaenda kununua maua ya plastiki.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Nimelipamba gari tangu alfajiri. Maua mbele kidogo, nyuma msitu mzima. Kapulana mbili zimefungwa juu ya bampa kwa mafundo kumi na manne. Sabina alisema hajapata kuona gari la harusi linalotazama nyuma. Nikamwambia huo ndio mtindo wa sasa.

Tukapanda! Mjomba kando yangu, Helena nyuma na shela lake mapajani, ndugu wengine katika basi dogo. Kona za mlima wa Newala nilizikata kwa utulivu ambao mimi mwenyewe niliustaajabia. Upepo wa baridi wa uwandani ukaingia dirishani. Mjomba alinyoosha mkono, akavua nailoni ya kiti chake, akaikunja taratibu, akaiweka miguuni. Miaka yote hiyo! Akasema gari hili, siku akiondoka duniani, anataka liwe mikononi mwa mtu makini.

Nilijiuliza kama ndiyo saa ya kusema ukweli, nikazipima hoja za pande zote mbili, na kabla sijafika kwenye uamuzi tukawa tumefika Newala. Ndivyo ilivyo. Wakati mwingine barabara ni fupi kuliko dhamiri.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika bila kupunguza.

Ibada ilikuwa njema. Helena aling'aa. Bwana harusi, Oscar, alisema "ndiyo" kabla hajaulizwa. Nje, kengele zikilia, nilikaa kwenye usukani, Mjomba kando, maharusi nyuma. Nikawasha injini. Nikapiga honi mara tatu. Sabina alikuwa amesimama ngazini na vitenge vyake vya uji. Nilimpungia mkono. Nakiri kwamba nilimpungia mara mbili.

Ndipo wanawake saba walipolala chini mbele ya gari.

Katikati yao, chali, kadi ya harusi kifuani, Mama Dominika! Shingoni alikuwa na mkufu mwekundu unaometameta. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni taa ya Mjomba, ametoboa kila kipande na kupitisha uzi.

Kumbe nusu ya ukoo wake wako Newala. Mto ule yeye huuvuka kama mimi ninavyokwenda sokoni.

Aliinuka, akazunguka nyuma ya gari, akavuta fundo moja. Mafundo kumi na manne yalimfungukia kama yaliyopewa rushwa. Maua chini. Kapulana chini. Msumari wa macho yote ya Newala ukapigwa kwenye bampa lile. Akatangaza, kwa Kimakonde, kisha kwa Kiswahili kwa faida ya wageni, kwamba Mmakua huyu msomi alivuka daraja akiwa na akili, akarudi bila taa. Akaigiza nilivyorudi kinyumenyume. Wenzake wakawa uchanja, wakaanguka. Wawili wakawa mbuzi. Akaigiza Kifaransa changu. Padri Cyril, aliyekuja kutoka Masasi kufungisha ndoa, alikaa kwenye ngazi kwa sababu miguu ilimwishia kwa kicheko. Helena alicheka hadi wanja ukamchuruzika. Hata mimi, kwa sekunde moja, niliona kwamba mbuzi waliigizwa vizuri.

Mjomba hakucheka. Akaniuliza, kwa sauti ya wodini, kama ni kweli nilikwenda Msumbiji. Nikasema ndiyo, Mjomba. Akauliza mpakani walinipitishaje bila barua yake. Nikasema barua ilikuwapo. Akauliza nani aliiandika. Nikasema iliandikwa vizuri.

Alishuka. Aliligonga bampa kwa vidole viwili, akasikiliza. Watu wote walikuwa wanamtazama. Mtu mzima hakasiriki mbele ya mtani. Basi mdomo wake ukacheka. Lakini mkono wake uliingia dirishani, ukachomoa ufunguo, ukampa Sabina.

Mama Dominika alikataa kuku, akakataa soda. Alidai haki moja: aliyemwaga makopa ayabebe. Alikuwa nayo, kapu zima, yale yaliyowashinda mbuzi. Nimetembea kutoka kanisani hadi ukumbini nyuma ya gari, kapu kichwani, kapulana begani, mbele yangu ile taa yenye kengeza ikinikonyeza kila Sabina alipokanyaga breki. Alikanyaga mara nyingi kuliko barabara ilivyohitaji.

Kwenye kiti cha mbele Mjomba alikuwa anahangaika na kitu. Nilipokaribia niliona. Alikuwa anairudisha nailoni.

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudi Masasi kwa basi, nimetubu kwa dhati. Mjomba ametoa hukumu: kabla ya mwisho wa mwezi nikaujenge upya uchanja wa Mama Dominika kwa mikono yangu, na nisiguse gari lake tena mpaka nijifunze. Nimekubali yote. Ni hukumu ya haki. Nililia kidogo, naye akanipa leso yake, ile ya kufutia vioo.

Nimeyachambua makosa yangu bila kujihurumia. Sikupaswa kuziba kioo cha nyuma. Sikupaswa kutoa kadi. Mafundo yangekuwa ishirini. Zaidi ya hayo, baada ya kufikiri sana, sioni kosa la msingi.

Sasa, uchanja unahitaji miti na fito, na basi halipakii fito. Padri Cyril ana pikapu. Nimemwomba baada ya ibada ya jioni, nikamwambia naipeleka Lupaso kwa siku moja. Si uongo. Lupaso iko kusini na Msumbiji iko kusini. Tofauti ni ya umbali tu, si ya mwelekeo. Isitoshe Padri ni Myao, mtani wetu pia. Likitokea lolote, tutacheka.

Barua ya ruhusa nimeshaiandaa. Sahihi ya Padri, namshukuru Mungu, ni nyepesi kuliko ya Mjomba. Ina mkia mmoja tu.