Wali wa Kumrudisha Mke

Jumanne, 4 Machi

Siku ya tatu bila mke. Nyumba kimya mno. Nimekunywa chai ya rangi kwa sababu sijui anapoficha maziwa ya unga.

Niandike ukweli, maana shajara hii haisomwi na mtu. Jumamosi walikuja kaka zake wawili na wake zao. Mke wangu alishinda jikoni akioka paja la mbuzi, kila nusu saa anafungua oveni na kulimwagia vikolombwezo vyake. Likaletwa mezani. Nikaonja. Nikasema limekauka kidogo. Hapo ningenyamaza! Sikunyamaza. Nikasema afadhali tuagize wali wa kukaanga kwa Mchina, na nikapiga simu palepale, mbele ya mawifi zake. Wali ukaja. Wageni wakaufagia. Paja likabaki karibu zima. Mke wangu aliikata ile nyama vipande, akaiweka kwenye friza, akaosha vyombo. Jumapili asubuhi akaenda kwa mama yake na begi dogo.

Begi kubwa, lile la magurudumu, bado liko juu ya kabati. Hilo ndilo tumaini langu. Mwanamke aliyeondoka kweli huondoka na begi kubwa. Leo nimelitazama mara nne.

Halafu, wazo! Ikiwa wali ndio ulioniponza, wali huohuo utaniokoa. Nitajifunza kupika ule wali wa kwa Mchina kwa mikono yangu mwenyewe. Na nyama nitakayotia ni ileile aliyooka yeye. Ataona haikutupwa. Atalia. Na mimi nitalia, kidogo. Kwa akili hii sijui nafanya nini kwenye biashara ya vitasa.

Jumatano, 5 Machi

Ujumbe kutoka kwa mke! Maneno matano: Jumapili mchana nakuja na mama. Hakusema anakuja kukaa au anakuja kuchukua begi kubwa. Nikamjibu kwamba nitawapikia. Akajibu: Haya.

Nimelisoma hilo "haya" kutwa nzima dukani. Ni haya ya kukubali au haya ya kuchoka? Mteja mmoja nimemchongea ufunguo wa mlango wa mtu mwingine. Amerudi anafoka. Nimemwambia nina matatizo ya kifamilia, akasema hata yeye anayo sasa, leo atalala kwa shemeji yake.

Mkakati. Mgahawa wa Mchina uko ng'ambo ya barabara, unatazamana na duka langu. Mchina mwenyewe aliuuza zamani akahama, jina likabaki. Anayepika sasa ni jirani yetu wa mtaa wa nyuma, bonge la mtu, wote tunamwita Shanghai, na hajawahi hata kupanda ndege. Mtu mwingine angemwendea akamwomba amfundishe. Mimi siombi. Nimevuka barabara nikamwambia kitasa cha mlango wake wa jikoni kinalia vibaya, ni hatari, nitakuja kukihudumia bure. Alinitazama muda mrefu. Tangu tujuane hajawahi kulisikia neno "bure" likitoka kinywani mwangu. Akakubali, lakini kwa wasiwasi.

Alhamisi, 6 Machi

Saa mbili nzima nimechuchumaa kwenye mlango wa jikoni kwa Shanghai na bisibisi mkononi. Kitasa kilikuwa kizima kabisa. Ilibidi nikifungue chote ili nipate sababu ya kukaa.

Nimeona mengi. Karai lake ni pana na moto wake ni wa kutisha. Anapika sahani moja moja, hata foleni ikifika nje. Yai kwanza, analivuruga haraka. Halafu wali, halafu vipande vya nyama iliyokwisha kuiva, karoti, njegere. Sosi ya soya kijiko kimoja tu, tena anaimwaga pembeni mwa karai ichemke kabla haijagusa wali. Nimeandika yote kwenye kiganja. Jasho limefuta nusu.

Nikauliza, kama mtu asiyejali, mbona wali anautoa kwenye friji. Shanghai akacheka. Akaniambia wali wa leo una maji, ukiukaanga unapata uji. Lazima ulale. Yaani kiporo!

Nilishtuka hadi springi ya kitasa ikanichomoka vidoleni, ikaruka huko chini ya magunia. Nimeitafuta wapi! Nimekifunga kitasa bila hiyo springi. Kimefunga vizuri sana. Kufungua sikujaribu, nilikuwa na haraka.

Sasa balaa ni mama mkwe. Wiki ile tunaoana, huyu mama aliniambia mbele ya ukoo mzima kwamba anaweza kumvumilia mkwe maskini, na anaweza kumvumilia mkwe mfupi, lakini hatamvumilia mkwe atakayemlisha kiporo. Mimi ni maskini na ni mfupi. Sina nafasi ya kosa la tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefunga duka mapema nikajaribu kumkwepa Shanghai na kiporo chake. Nimepika wali wa leo leo. Nimeukaanga. Uji, kama alivyosema.

Jaribio la pili. Wali mwingine, nimeutandaza kwenye sinia, nikauelekezea feni. Haukukauka. Nikachukua mashine ya mke wangu ya kukaushia nywele. Hapo kidogo ulianza kukauka, ila punje ziliruka hadi kwenye pazia, na nyingine nimezikuta kwenye mfuko wa shati.

Mashine ilipopata moto ilitoa harufu ya mafuta yake ya nywele. Jiko zima likanukia yeye. Nikaizima. Nikaketi sakafuni kati ya punje za wali na sikuinuka upesi. Nimemkumbuka sana mke wangu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Nikashika simu nimpigie. Nikajiuliza nitamwambia nini. Nikarudi kwenye wali.

Uamuzi: kiporo kitapikwa, lakini mama mkwe hatakiona.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji mkubwa amepita dukani kunichoma roho. Eti dada yake anakula vizuri kwa mama, analala vizuri, anacheka. Hata amenenepa kidogo. Akauliza kama Mchina bado anapokea simu za watu. Nikamwambia kufuli lake la geti, lile nililomuuzia mwaka jana, siku yoyote litamgeuka. Si kweli. Ni kufuli zuri. Nimejuta kulitukana.

Nimepika wali. Kwa watu watatu vikombe viwili vingetosha. Nimepika vitano, kwa hofu. Nimeupoza. Kuuficha ndiyo kazi, maana mama mkwe akiingia katika nyumba huanza na friji kabla hajavua viatu. Nikakumbuka nina ndoo mpya ya plastiki kutoka dukani, haijatiwa grisi bado, ina maandishi makubwa: GRISI YA VITASA. Nikaiosha mara tatu. Wali ndani, kifuniko juu, friji. Nani afungue grisi?

Nimejaribu pia maneno ya kuwakaribisha mbele ya kioo. Nimepata mazuri sana kuhusu karai.

Jumapili, 9 Machi

Walifika saa saba. Mke wangu alikuwa na kilemba cha bluu ambacho sikijui. Amependeza hadi nimesahau kumsalimia. Nilitaka kumwambia amependeza. Nikamwambia karibuni, karai limeshapata moto.

Nikamwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikia huku mkono uko kwenye mlango wa friji. Akauliza tangu lini grisi inawekwa karibu na mboga. Nikasema joto la siku hizi, mama, inayeyuka. Akafunga friji polepole.

Nikawaomba wakae sebuleni. Najua Shanghai anapika sahani moja moja. Najua kabisa! Lakini nikafikiri, nimkalishe mama mkwe na njaa anaona sahani zikitoka kwa zamu? Nikamimina vikombe vyote vitano kwa mpigo. Karai langu si pana. Wali ukajaa hadi ukingoni, mwingine ukaanguka kwenye moto. Ndipo nikakumbuka nyama. Nilisahau kuitoa kwenye friza tangu jana. Ilikuwa jiwe. Nikaitia hivyohivyo. Barafu ikayeyuka, maji yakatoka, wali ukalowa. Nikatia sosi ya soya kuficha. Kifuniko cha chupa kikaenda nayo, na chupa nzima nyuma yake. Yai sijui lilikoishia.

Nimepika lami.

Mpango wa pili. Nikajifungia bafuni nikawapigia kwa Mchina. Sahani tatu, ziletwe dirishani, nizimimine kwenye karai langu. Simu ikaita, ikaita. Hakuna. Nikapiga tena. Mlango wa mbele ukagongwa. Mke wangu akafungua. Ni Shanghai, na aproni yake, jasho linamtiririka.

Akaeleza yote mlangoni. Kitasa kile kilimsumbua Ijumaa na Jumamosi, na tangu asubuhi kimegoma kabisa, amefungiwa nje ya jiko lake, wateja wa Jumapili wote wamekwenda zao, na simu inaita humo ndani hana wa kuipokea. Akasema kilikuwa kizima hadi fundi alipokihudumia bure. Mke wangu akauliza: bure? Shanghai ni mtu mkweli. Akasema ndiyo, dada, alikaa pale saa mbili akiniuliza habari za wali, nikamweleza kwamba siri ni kiporo.

Mama mkwe akainuka, akaenda kwenye friji, akafungua ndoo ya grisi. Ilikuwa na punje za wali zilizoganda ubavuni. Akaifunga tena.

Nikaenda kumfungulia Shanghai. Ilichukua tindo na dakika arobaini. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mke wangu, na nilikuwa nimefika pazuri. Nikarudi nikawakuta mezani. Mke wangu alikuwa amevichambua vipande vya nyama kutoka kwenye lami yangu, akavisuuza, akavipasha moto na kitunguu, wanakula na mkate. Mama mkwe akasema, akinitazama mimi, kwamba nyama hii haijakauka hata kidogo. Akanisogezea sahani.

Nikaonja. Laini. Inaachia yenyewe mdomoni. Haikuwa imekauka kabisa, wala Jumamosi ile haikuwa imekauka. Sijui nilionja nini siku ile. Sijui kwa nini nilisema. Nilihisi aibu hadi masikioni. Mke wangu alikuwa amesimamisha mkate njiani, ananisubiri.

Nikasema friza inalainisha sana nyama.

Alimaliza kipande chake. Akanawa mikono. Akachukua stuli, akalishusha begi kubwa. Nilimshikia stuli isiteleze.

Mama mkwe alibaki nyuma kidogo mlangoni. Akaniambia, baba, kiporo ningekusamehe. Akasema walikuja kusikia neno moja tu kutoka kwangu, na wamelingoja tangu saa saba, na hata sasa bado lina nafasi. Nikafikiri sana. Nikawaambia karibuni tena.

Mke wangu alikuwa ameshafika getini. Akageuka. Akasema hakuondoka kwa sababu ya wali. Magurudumu ya lile begi nimeyasikia hadi mwisho wa mtaa.

Jumatatu, 10 Machi

Sikufungua duka. Nimekaa jikoni nakwangua karai na kuyageuzageuza maneno yake. Hakuondoka kwa sababu ya wali. Amesema wazi, kwa sauti, hata jirani kasikia. Na mimi juma zima nahangaika na wali! Springi, feni, ndoo, jasho, yote ya bure. Nimejuta sana. Mtu angenisaidia kwa kuniambia mapema.

Nimelia kidogo. Halafu, kama saa tano hivi, nikaelewa.

Kama si wali, basi ni nyama!

Nimemtumia ujumbe kumuuliza ni nini hasa anachomwagia paja kila nusu saa. Hajajibu. Si neno, nitakisia. Jumapili nitamwokea mwenyewe, nimpelekee hadi kwa mama yake, mbele ya kaka zake wote. Kwa muuza nyama nimeshaagiza paja kubwa kuliko lake, ili aone tofauti.