Taa ya Kumwonea Malkia

Jumatatu, 5 Agosti 1996. Gitothua, Ruiru.
Zubeida amekuja kutoka Thika baada ya kazi. Amekaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani, miguu juu. Sababu ni Malkia, nyoka wangu. Nyoka wa nyumba tu, kahawia, hana sumu! Nilimwokoa kwa wachuma kahawa waliotaka kumponda. Anakaa kwenye kabati la kioo. Shida ni moja: hutoka usiku, na nikiwasha taa anaingia chini ya kigae. Kwa hivyo Zubeida ameona kigae tu. Akasema Jumamosi jioni baba yake mdogo, Mzee Farouk, anakuja kuzungumza habari za ndoa yetu, na siku hiyo anataka kumwona nyoka kwa macho yake, ndani ya kabati. Hatalala nyumba ambayo hajui nyoka yuko wapi. Asipomwona, hakuna harusi. Nikamwambia hiyo ni kazi ya taa tu. Nzau, jirani yangu mfuga njiwa, akapayuka kutoka nje kwamba huenda nyoka alishatoroka zamani. Mbea!

Jumanne, 6 Agosti.
Tochi. Upuuzi! Malkia alitoka, nikammulika, akarukia kioo mdomo wazi. Nikarudi nyuma, nikakalia sufuria ya ugali. Ilikuwa moto. Naandika nimelala kifudifudi.

Jumatano, 7 Agosti.
Ushindi! Jamaa wa studio ya picha kule Thika ameniambia nyoka hasumbuliwi sana na taa nyekundu. Akanipa balbu ya zamani ya chumba chake cha kusafishia picha. Nikaiwasha. Malkia akatoka polepole, akanywa maji, akajinyoosha mzima. Nilimtazama mpaka nikasahau kula.
Mlango ukabishwa. Mwanamume simjui, anataka bia baridi. Nikamfukuza. Wa pili akauliza kama Rozi yuko. Wa tatu alikuwa mwenye ploti hii ya vyumba vya kupanga, Mama Magdalene, na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Akatazama dirisha langu jekundu.
"Ngai! Yahya, umefungua baa kwa ploti yangu?"
Nikamweleza habari ya nyoka. Kumbe hakujua kuna nyoka! Balbu itoke leo, nyoka atoke kufikia Jumapili. Nyuma yake Nzau alikuwa anacheka.

Alhamisi, 8 Agosti.
Buluu! Mwanga wa mwezi una ubuluu, na nyoka wameuzoea. Nimepaka balbu ya kawaida rangi iliyobaki ya kibanda cha njiwa cha Nzau. Sikumwomba, angeuliza maswali. Ikatoa moshi. Ikanuka. Ikapasuka, pa! Fyuzi ya ploti nzima imeungua. Giza, watoto wanalia, Mama Magdalene anaita jina langu. Nikapapasa kabati. Mlango wa kioo uko wazi. Nikapapasa chini ya kigae.
Hakuna kitu.

Ijumaa, 9 Agosti.
Sijalala. Nimepekua godoro, viatu, ndoo, gunia la makaa. Kila kamba inanishtua. Malkia simwogopi, namwogopa Zubeida. Na Nzau! Nimemsikia akiwaambia watu kwamba mayai ya njiwa wake yamepungua, na akimwona yule nyoka hatauliza. Ana panga, analinoa kwenye ngazi. Krr, krr, tangu asubuhi. Nasikiza kupitia ukuta, natafuta kwa magoti. Fundi wa stima anasema fyuzi labda wiki ijayo.

Jumamosi, 10 Agosti.
Wamekuja jua likizama. Nimewasha mshumaa mmoja, nimeuweka mbali. Ndani ya kabati nimekunja mshipi wangu wa ngozi, duara zuri kabisa. Zubeida akachungulia, akapumua. Mzee Farouk akainama.
"Mbona hasogei?"
Nikasema ameshiba.
"Na hiki kinachong'aa?"
Nikasema ni jicho.
Mzee akarudi kukaa, akachukua chai. Hapo kitambaa cha kochi kikasogea. Malkia! Akapanda begani kwa mzee, akateremkia mkono wake, taratibu, ulimi nje. Mzee akakitua kikombe, akapiga yowe. Nje Nzau akauliza kuna nini humo, na nikasikia panga likikwaruza ukuta. Niliganda.
Zubeida ndiye aliyeinuka. Akafunga komeo la mlango. Akachukua shali yake, akamfunika Malkia nayo, akamwinua kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akamrudisha kabatini. Kisha akautoa mshipi, akanikabidhi.
"Nyoka nimemwona," akasema. "Simwogopi tena. Wewe ndiye nahitaji taa ya kukuonea."
Wakaondoka. Chai ya mzee iko palepale.

Jumapili, 11 Agosti.
Habari njema! Zubeida amenipigia simu kupitia duka la Wamboi, hapa mtaani. Baba mdogo alipotulia alicheka njia nzima mpaka Thika. Niende kwao leo alasiri, nimwombe radhi na kumweleza ukweli mtupu, bila ujanja wowote. Nitafanya hivyo hasa. Nimeazima koti la Nzau. Nimemwambia ni la mazishi. Mama Magdalene naye hajasahau siku ya leo, kwa hivyo Malkia nitaenda naye, nimwache kwao kimyakimya mpaka mambo yapoe. Nimemlaza ndani ya kikapu, ndizi juu. Mchana, hakuna hata shida ya taa.
Mzee akiuliza, ni ndizi.