Upande wa Pili wa Kaseti ya Kwaya

Jumatatu, 3 Juni

Nimeaminiwa! Mwalimu wa kwaya amenikabidhi kaseti mbele ya wasichana wote ishirini na wawili. Piano ya shule ilishakufa (panya wamehamia ndani na jamaa zao), kwa hiyo Jumamosi kwenye mashindano tutaimba kwa kaseti hii. Ipo moja tu. Aliyepiga piano ni bibi aliyemfundisha mwalimu wetu muziki, na sasa ni marehemu. Niitunze kama mboni ya jicho. Nikasema nitaitunza kama mboni zote mbili. Tena nimepewa ubeti wa tatu niimbe peke yangu. Mimi, wa sauti ya pili!

Kiranja wa kwaya anautamani ubeti huo tangu mwaka jana. Alinipongeza. Alinipongeza kwa meno tu. Kisha akaninong'oneza, "Shoga, ikipata hata mkwaruzo, mimi nipo."

Baada ya masomo nilikwenda kufanyia mazoezi kibandani kwa Mjomba, fundi redio, maana nyumbani hatuna mashine. Alikuwa akijaribu redio kaseti ya mteja, yenye milango miwili ya kaseti. Kelele! Nilidhani spika zimepasuka. Nikampa pole kwa kazi kuharibika. Akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Eti imepona, ndivyo muziki wenyewe ulivyo. Mteja ameleta boksi zima la kaseti za namna hiyo, za miaka mingi kabla sijazaliwa.

Nimemhurumia mteja.

Jumanne, 4 Juni

Nimerudi kusikiliza. Kwa sababu za kitaaluma tu. Mwalimu husema tusidharau tusichokichunguza.

Uchunguzi: wimbo wa kwanza, kichwa kiliuma. Wa pili, kiliuma kidogo. Wa tatu unaanza polepole, gitaa moja tu, kama mtu anayepapasa ngazi gizani. Halafu ngoma zinaingia. Halafu magitaa mawili yanakimbizana, sauti ya kwanza na sauti ya pili kabisa, na yanafika pamoja! Kama tunavyofundishwa sisi! Na mwimbaji, ambaye jana nilidhani anapiga mayowe, yuko kwenye noti. Amekaa juu kabisa sekunde kumi na nne (nimehesabu kwa saa ya Mjomba) bila kutetereka. Mwalimu anatuambia kila siku tupumue kwa tumbo. Huyu anapumua kwa tumbo jamani! Kiranja hafiki saba.

Nimeurudia mara sita. Mjomba ametia pamba masikioni.

Tatizo: mteja anakuja kesho kuchukua vitu vyake. Kesho! Nami nitabaki na nini? Mjomba hana kaseti tupu, na siku hizi hata dukani hazipo. Nikaitazama kaseti ya kwaya. Upande wa kwanza umeandikwa KWAYA. Huo ndio tunaofanyia mazoezi, una waimbaji wa zamani na piano. Upande wa pili haukuandikwa kitu. Pasipoandikwa kitu hapana kitu. Hata hivyo mimi si mtu wa pupa. Nimehakikisha. Nimesikiliza sekunde kumi nzima. Kimya.

Mgongoni mwa kaseti kuna matundu mawili. Vijino vyake vilivunjwa makusudi ili mtu asirekodi juu. Nimeyaziba kwa chingamu. Mashine imekubali! Sasa upande wa pili una wimbo wangu, mara nne mfululizo.

Furaha isiyo kifani. Na hakuna aliyeumia.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwisha.

Mwalimu kasema kesho saa nane tunaimba mbele ya Mwalimu Mkuu, na sasa tuache upande wa mazoezi. Tutumie upande wa pili. Piano tupu. Inaanza baada ya nusu dakika ya kimya, ili tupate kujipanga. Nusu dakika! Mimi nilisikiliza sekunde kumi!

Kiranja akauliza mbona natoka jasho kama mtungi. Nikasema ni furaha.

Mpango wa kwanza: ajali. Nilikwenda kibandani, nikauchomoa utepe wa kaseti, mita kwa mita, nikaufinyanga, nikalia (kulia hakukuhitaji juhudi). Nikamwambia Mjomba mashine imeutafuna. Angesema tu, "Basi, mama, hii imekufa." Neno moja! Badala yake aliacha televisheni ya mtu iko wazi, akavaa miwani, akaunyoosha utepe wote kwa pamba yenye spiriti, akaurudisha ndani kwa penseli, mzunguko kwa mzunguko. Hakukata hata sentimita moja. Akasema mpwa wake hawezi kuaibika naye yu hai. Sasa kaseti inalia vizuri kuliko ilipotoka kiwandani. Nimemshukuru. Nimemshukuru huku nikimchukia kwa dakika tano.

Katikati ya shughuli hiyo mteja akaja. Nilitegemea jitu la minyororo shingoni. Kumbe ni mpiga picha za pasipoti, yule mzee mfupi wa tai anayewakataza watu kutabasamu! Mjomba akamwambia huyu mpwa wangu kaupenda muziki wako. Mzee akanitazama kama anayepima mwanga. Akauliza upi. Nikamwimbia lile gitaa la mwanzo. Akavua miwani, akaifuta. Akasema, "Nilidhani mtaa huu nimebaki peke yangu." Akaniambia unaitwa hevi metali, na mtu akisema ni kelele nimwulize kama aliwahi kusikiliza hadi mwisho.

Kisha akabeba boksi lake akaenda. Nikabaki na kaseti yangu. Yaani ya kwaya. Yaani msiba.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa pili: betri. Umeme ulikatika tangu asubuhi. Mungu hamtupi mja wake! Nikajitolea kufagia chumba cha muziki, nikatoa betri zote sita za redio, nikazizika kwenye debe la taka.

Saa nane. Mwalimu Mkuu ameketi. Redio haiwaki. Nikashusha pumzi. Ndipo Kiranja akanyoosha mkono. Anazo betri sita mpya mkobani, amezileta kwa ajili ya dharura. Ni binadamu wa namna gani anayetembea na betri sita?

Mpango wa tatu nilikuwa nao tayari: kushangaa. Nishangae kuliko wote, halafu niseme labda kaseti ilibadilishwa na mteja asiyejulikana.

Nusu dakika ya kimya haikuwepo. Gitaa likaanza papo hapo, polepole. Mwalimu akakunja uso, lakini mkono wake ulishapanda. Nasi tumefundishwa kwamba hata paa likianguka, kwaya haiachi. Tukaimba! Ubeti wa kwanza juu ya gitaa lile, na nasema kweli, ulipendeza. Mwalimu Mkuu alianza kutikisa kidole.

Halafu ngoma zikaingia.

Mwalimu Mkuu akaikumbatia meza. Sauti ya kwanza wakapiga mayowe, tena nje ya noti. Mimi nikashangaa ipasavyo: mdomo wazi, mikono mashavuni. Ningepona! Ila magitaa mawili yalipoanza kukimbizana, kichwa changu kikaanza kwenda. Juu, chini. Sikukituma. Mguu nao ukafuata. Nilipozinduka redio ilikwisha kuzimwa, chumba kizima kimya, na mtu mmoja tu alikuwa bado anaimba gitaa la pili.

Kiranja akasema, "Hee! Kumbe mwenye mali huyu hapa."

Ijumaa, 7 Juni

Mwalimu hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alinikalisha, akaniuliza, nikasema yote hadi chingamu. Kisha akanieleza kwamba yule bibi alirekodi piano ile akiwa mgonjwa, vidole vimevimba, akaanza upya mara tisa mpaka ikatoka bila kosa. "Sasa mikono yake imebaki upande wa kwanza tu," akasema, "chini ya sauti za watu."

Nikalia. Safari hii bila mpango.

Hukumu: ubeti wa tatu kapewa Kiranja. Kwaya itaimba bila chombo. Mimi nitabeba mkoba wa majoho, na muhula mzima nitapanga maktaba. Nikasema ni haki. Nilimaanisha.

Nilipofika mlangoni akaniita. Akauliza yule mwimbaji alishika noti ya juu kwa muda gani. Nikasema sekunde kumi na nne. Akasema, "Mm." Akaniambia niende.

Jumamosi, 8 Juni

Ukumbi umejaa. Kwaya kumi na moja. Mimi nyuma ya pazia na mkoba wa majoho.

Wameimba vizuri. Bila piano, lakini vizuri! Ubeti wa tatu ukafika, wenye noti ndefu ya juu mwishoni. Nikamwona Kiranja kwa nyuma: mabega yamepanda. Anapumua kwa kifua! Nikajua hafiki. Sekunde ya tano sauti ikaanza kutetemeka. Ningefanyaje? Waamuzi walikuwa wameinamia karatasi. Nikafungua mdomo nikaishika ile noti kwa ajili yake. Kwa tumbo. Nilikusudia kidogo tu. Pazia lilitikisika.

Tumekuwa wa nne. Waamuzi wameandika: sauti nzuri sana ya mwisho, ila haikujulikana inatoka wapi, hivyo zimepunguzwa alama. Bila hivyo tungekuwa wa tatu.

Kiranja alinikuta kwenye majoho. Macho mekundu. Nikajiandaa. Akasema asante. Halafu akasema nisimwambie mtu kwamba amesema asante. Halafu akaniuliza ninafanyaje lile jambo la tumbo. Nikamwambia lazima asikilize muziki fulani. Akauliza upo wapi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hatuna. Mwalimu ameifungia kaseti kabatini.

Jumatatu, 10 Juni

Nimetubu na nimekuwa mtu mpya. Asubuhi nilimwambia Mwalimu hivyo. Aliniamini.

Mchana nilipita kwa mpiga picha. Yuko tayari kuninakilia boksi lote, mradi nilete kaseti mwenyewe. Mimi nitazitoa wapi? Nikakata tamaa.

Jioni nikaanza adhabu yangu ya maktaba. Rafu ya chini kabisa, nyuma ya atlasi: kaseti kumi na mbili za kujifunza Kifaransa! Dakika tisini kila moja! Zina vumbi la kidole kizima.

Safari hii sikufanya pupa, maana nimejifunza. Nimesikiliza dakika nzima. Mwanamume anauliza bei ya mkate, mwanamke anamjibu. Hakuna mgonjwa, hakuna marehemu. Kadi ya kuazima haina hata jina moja. Nimeziweka zote mkobani, na Kiranja amenishikia mlango.

Juu ya boksi palibandikwa kikaratasi: ZISITOLEWE. MTIHANI WA KUSIKILIZA. Hakina tarehe. Mtihani usio na tarehe bila shaka ulishapita.