Chumba cha Ugomvi wa Kifamilia

"Idara ya Uthibitisho wa Familia Zinazosafiri Pamoja ina furaha kuwatangazia wageni wote kwamba, kuanzia leo, hakuna familia itakayovuka mpaka kabla ya kugombana."

Tangazo hilo lilisomwa kwenye kipaza sauti kwa upole, kama mtu anayebembeleza mtoto alale, na Bibi, aliyekuwa ameketi juu ya sanduku lake ukumbini, akaona ni tangazo la heshima. Sababu zake pia zilikuwa nzito. Wataalamu walikuwa wamechunguza wakagundua kuwa matapeli wanaojifanya familia hujiponza kwa adabu. Hupishana mlangoni. Hushukuriana. Familia ya kweli haina muda huo. Kwa hiyo Mkurugenzi Mkuu akatia saini Kanuni ya Ugomvi, kikajengwa chumba, na mlangoni likawekwa zulia.

Bibi alikuwa na haraka moja tu. Upande wa pili wa ukumbi, nyuma ya ukuta wa kioo, alisimama binti yake wa mwisho, aliyeolewa huku ugenini, amebeba mtoto mchanga ambaye Bibi alikuwa hajamgusa hata kidole. Alikuwa amemfumia kofia ya sufu. Na familia zitakazoshindwa kugombana zingepandishwa basi na kurudishwa zilikotoka jioni hiyohiyo.

"Mama, ondoa shaka," alisema mwanawe, fundi wa kushona makochi. "Kugombana? Sisi? Watatuomba tuache."

Mkewe, mpishi wa shule, akamkanyaga mguu. "Umesahau tulichoapa?"

Fundi akanywea. Safari yao iliyopita walikuwa wamegombana ndani ya basi mpaka dereva akaegesha pembeni na kuja kuwasuluhisha. Safari hii, kabla ya kutoka nyumbani, wote waliweka mikono juu ya kichwa cha Bibi wakaapa kwamba hakuna atakayepandisha sauti mpaka Bibi amshike mjukuu wake. Kiapo cha juu ya kichwa cha Bibi hakivunjwi. Kichwa chenyewe kina presha.

Chumbani walipokewa na viti vinne na Afisa Mpimaji wa Ugomvi, kijana mwenye tai fupi. Kabla Bibi hajaketi, kijana alitoa leso yake akakifuta kiti. Bibi akasema moyoni: huyu kalelewa.

"Karibuni, jisikieni mko nyumbani," alisema Afisa. "Vifaa vya Idara ndivyo hivi: begi lenye zipu mbovu, ramani iliyopasuka katikati, na chupa moja ya maji kwa watu wanne. Anzeni."

Mpishi akaichukua chupa ya maji.

"Kunywa wewe kwanza, mume wangu," alisema mpishi.

"Hapana, mke wangu. Wewe ndiye uliyechoka."

Afisa akainua nyusi. Binti wa fundi, ambaye kwao humwita Kiherehere kwa kuwa hugombana hata na mswaki, aliikunja ramani taratibu. "Baba, nikusaidie begi?"

"Huyu mtoto kasema hivyo kwa hiari yake?" Afisa aliuliza, sauti imeshuka.

"Kwa hiari kabisa, mjomba," alijibu Kiherehere.

Afisa akafunga kalamu. Alionekana kuumia kweli. "Wazee wangu, Idara inasikitika. Nyinyi ni kundi la watu waungwana. Itabidi mrudishwe." Akamgeukia Bibi, akainama kidogo. "Ila kuna njia, mama. Unaweza kuvuka peke yako kama Msafiri Asiye na Familia. Tamka tu kwamba hawa si watu wako. Kuna foleni yake pale nje. Ya kusimama, lakini inasogea."

Bibi akatazama kule kwenye kioo. Binti yake alikuwa ameuinua mkono mdogo wa mtoto, anaupungisha.

"Mama, sema," fundi alinong'ona. "Sema huna mtu. Sisi tutarudi. Mtoto anakungoja."

Bibi akafungua mdomo.

"Aseme nini?" Mpishi alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. "Wewe mwanamume una akili, au umeziacha kwenye basi? Mama aliyenipa kitanda chake nilipojifungua, akalala chini yeye, leo aseme hana mtu?"

"Usinipigie kelele! Namtafutia mama njia!"

"Njia! Wewe wa kutafuta njia? Si wewe uliyetupeleka stendi isiyo yetu ukasema ni njia ya mkato?"

"Ramani alishika nani?"

"Na kofia ya mtoto umeikalia safari nzima, imekuwa chapati!"

"Nani aliiweka kwenye kiti changu?"

"Mimi!" Kiherehere alidakia. "Na nilikwambia baba unaikalia, ukaniambia nyamaza!"

"Nyamazeni nyote!" Bibi mwenyewe hakujua sauti ile ilitoka wapi. "Wewe, nilidhani nimelea mtu, kumbe unanifundisha kuwakana wanangu! Na wewe, mkwe wangu, weka chini hiyo chupa ya serikali!"

Afisa alikuwa anajifuta macho. "Samahani kwa kuwakatiza. Mmefaulu. Mambo ya zamani yamefukuliwa, na mtoto ameshiriki. Ni ugomvi wa daraja la kwanza." Hakuna aliyemsikia. Ilibidi awazunguke mmoja mmoja na muhuri wake.

Walikuwa bado mlangoni, wakibishana nani abebe sanduku, alipoingia Mkurugenzi Mkuu akiwa na mkewe, watoto wake wawili na mpiga picha. Walikuwa wakirejea kutoka mapumzikoni nje ya nchi, naye alitaka apimwe kama raia yeyote.

"Haya, mke wangu," alisema akitazama kamera. "Gombana."

"Kama utakavyoagiza, mheshimiwa."

Watoto wakasimama wima. "Tunashukuru kwa nafasi hii, baba," alisema mkubwa. Mdogo akapiga makofi.

Afisa akaanza kutoka jasho. "Mheshimiwa, hata matapeli hawajawahi kufika kiwango hiki."

"Upuuzi! Ngoja nimpigie simu naibu wangu." Akatoka, mpiga picha nyuma yake.

Mlango ulipofungwa tu, chumba kikalipuka. "Mama, yeye anakuja kwenye picha tu!" "Hebu nyamaza, umenimwagia maji gauni zima!" "Si mimi, ni huyu!" "Muongo wewe!" Muhuri ukasikika ukigonga, ukagonga tena, ukagonga tena.

Mkurugenzi aliporudi, viti vilikuwa vitupu. Mkewe na wanawe walikuwa wameshavuka, bado wanarushiana maneno.

"Hongera, mheshimiwa," alisema Afisa. "Familia yako imethibitishwa. Wewe ndiye uliyebaki bila familia."

"Naifuta kanuni hii sasa hivi!"

"Kanuni hufutwa na kiongozi aliye ndani ya nchi, mheshimiwa. Wewe hujaingia."

Kwa hiyo Mkurugenzi Mkuu akapelekwa kwenye foleni ya Wasafiri Wasio na Familia, akawa wa mwisho. Bibi alipopita karibu, Mkurugenzi alimshika mkono.

"Mama," alinong'ona, "nigombeze kidogo wakusikie. Hata kuhusu tai."

Bibi akamtazama kwa huruma, akatafuta pa kuanzia. "Ningekugombeza kwa moyo wote, mwanangu. Lakini sikujui."

Akarudi chumbani, akamletea kile kiti kilichofutwa kwa leso. Afisa akakiondoa kwa adabu. "Foleni hii ni ya kusimama, mama. Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyeagiza."

Kwenye lango la mwisho binti yake alikuwa amekwisha kuanza. "Mama! Umekaa huko mchana kutwa! Na viatu hivyo vyepesi, nani kakuruhusu kusafiri navyo?" Mlinzi wa lango hakuuliza hata karatasi. Alifungua tu.

Bibi akampokea mtoto, akamvika ile kofia iliyopoteza umbo. Mtoto akakunja uso, akajaza kifua, akamfokea bibi yake kwa nguvu zake zote, mpaka kule kwenye foleni Mkurugenzi Mkuu akageuka na kutazama kwa wivu.

"Huyu ni wetu," alisema Bibi.