Spika Iliyopewa Shikamoo

Leo nimeaibika mbele ya jumuiya nzima. Naandika mwenyewe kabla majirani hawajaniwahi.

Mnajua baba alitutoka mwaka huu. Sauti yake ilibaki kwenye simu yangu, ujumbe mmoja tu. Mama hajaisikia tangu tumzike, maana masikio yake yamechoka na simu haimtoshi. Nikamwahidi kwamba jumuiya ikija leo kusali, atamsikia mumewe kwenye spika kubwa. Tatizo, spika zangu zinanguruma. Umeme wetu huku kijijini Daudi mnaujua.

Asubuhi nikaenda Mbulu mjini kwa fundi. Akaniwekea vifaa viwili mezani.

"Hii stabilaiza, inapandisha umeme ukishuka. Hiki kingine kinauchuja, kinaondoa ngurumo. Wako unashuka au mchafu?"

"Mchafu," nikasema (kama vile nimeuonja). Nikachukua cha kuchuja.

Nyumbani nikakifunga, nikajaribu na maiki yangu isiyo na waya. Nikazunguka nayo uani, mpaka zizini nikiwatupia ng'ombe majani. Inashika kote. Nikazima amplifaya, nikaenda kuoga.

Saa nane ukungu ukashuka mpaka mlangoni. Watu wakajaa sebuleni. Nikawasha. Ngurumo hakuna, kimya kabisa. Naitafuta simu mfukoni, spika ikapumua.

Pumzi nzito, ya taratibu, ya mtu mzima. Halafu ikatafuna. Baba alikuwa anatafuna hivyo hivyo, upande mmoja, kwa meno yaliyobaki. Katekista akafunga kitabu chake polepole. Mama akasogeza kigoda karibu na spika.

"Msalimie baba yako," akaniambia.

Nikapiga goti (ndiyo, mimi, mwenye cheti cha umeme).

"Shikamoo baba."

"Mmmh," ikaitikia.

Baba naye hakuwa mtu wa kumalizia marahaba. Basi wakainuka kwa zamu, shikamoo mzee, shikamoo mzee, mpaka katekista. Mzee Margwe peke yake, aliyemzidi baba umri, alikaa kimya akisubiri spika imwamkie yeye. Ikampumulia tu.

"Amekufa na kiburi chake," akanung'unika.

Mimi machozi yananitoka. Nikasema, "Baba, mwambie mama neno moja."

"Mmmoooo!"

Na nyuma ya ukuta, zizini, sauti ile ile.

Mama akatoka. Akarudi ameshika maiki yangu, imelowa mate, ina jani. Niliiacha kwenye hori nilipokuwa nafungua mzigo wa majani. Katekista akapangusa magoti. Mzee Margwe ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata, nikatamani ukungu uingie ndani unifunike.

Kwa aibu nikabonyeza simu ili wanyamaze. Sauti ya baba ikajaa nyumba, safi, kama amesimama mlangoni:

"Petro, ng'ombe wamekula?"

Kicheko kikakatika. Mama akaweka kiganja juu ya spika, akakiacha hapo.

"Wamekula," akajibu. "Wamebakiza maiki tu."

Kifaa kinafanya kazi, sikirudishi. Ila kesho napita sokoni, nawaomba sana, asitokee mtu wa kunipumulia.